Utepe Kwenye Kibuyu cha Mama

Kaka yangu Guyo,

Asalaam aleikum. Salamu ni haki yako, nimekupa. Mengine yatakuwa makali, kwa hiyo keti.

Unakumbuka likizo yako ya mwisho hapa Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini? Ulikuja na utepe wa chuma kutoka maabara yenu huko ng'ambo, mwembamba kama ganda la kitunguu, unang'aa. Mama akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii kitu inafanya nini?"

Ukamweleza kwa subira ambayo sijaiona kwako tena. Ukasema mnauweka katikati ya sumaku kubwa na kuupiga kwa mawimbi yasiyoonekana, ndugu wa yale ya redio. Karibu yote hugonga ngozi ya chuma na kurudi. Lakini mkiongeza nguvu ya sumaku polepole, panafika mahali ambapo utepe unayameza kwa wingi.

"Hapo ndio inajibu, mama."

Ukamwachia kipande, ukamwonya asikikunje, maana kikikunjwa hakitajibu tena pale pale.

Ulipoondoka, mama alikizungusha kwenye shingo ya kibuyu ulichokuwa ukinywea maziwa ya ngamia. Kila alipokifukiza kibuyu kwa moshi ili kukisafisha, alikifuta pia kile chuma kwa leso yake. Mgeni hakuruhusiwa kukigusa.

Ukame ulipotumalizia mifugo kule Sericho, mama akaugua. Tukakutumia telegramu. Ukajibu kwamba zamu yako ya kutumia sumaku imefika, ukiiacha utangoja sana. Mama akawa ananiuliza, "Guyo amefika Nairobi?" Alipofariki tulimzika siku ile ile, na binamu yetu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pako.

Sasa imekuja barua yako. Si ya rambirambi. Unataka kile kipande, eti vingine vimeisha na hakuna kilichojibu vizuri kama hicho. Nimekasirika, Guyo. Unajua kwa hesabu chuma kinajibu wapi, na mama yako alipokuita ukawa na kazi.

Nimekifungua kutoka kwenye kibuyu, kimo ndani ya bahasha hii. Kimejikunja, kimeshika umbo la ile shingo. Usikitarajie kijibu pale pale. Na mimi usinitafute pale uliponiacha.

Dada yako wa tumbo moja