Mama Mkwe na Karameli ya Moto

Shoga, uko wapi? Shika simu.

Nilikuwa jikoni naoka zile biskuti za juisi ya matufaha, zenye karameli ya sukari katikati. Mama mkwe amekaa kwenye stuli ananitania kama kawaida yake, eti mdalasini nimeumwaga kama natibu mafua. Tunacheka.

Karameli nimeiepua sasa hivi tu, bado inatokota. Nageuka kufungua oveni, nikirudi namkuta amechovya vidole ndani ya sufuria. Viwili! Anataka kulamba!

Nikampiga mkono. "Mama, utaungua!"

Akanitazama tu. "Mbona imepoa hii?"

Haijapoa, shoga! Ilikuwa inatoa mapovu!

Nikamburuta hadi kwenye bomba. Ngozi inavimba naiona kwa macho yangu, na yeye ananigombeza kwamba namlowesha gauni.

"Mama, kweli husikii maumivu?"

Akasema polepole, "Hata miguu siisikii. Tangu mwezi wa pili."

Mwezi wa pili! Na tunakaa nyumba moja!

Nikamvua soksi. Kuna kidonda kwenye unyayo, kimekuwa cheusi, kinanuka. Hakujua kama kipo.

"Usimwambie mwanangu," ananisihi. "Watanikata mguu."

Nimeshampigia mume wangu, yuko njiani na gari tumpeleke hospitali.

Mama hataki tena kuongea na mimi. Amekaa mlangoni, anautazama ule mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine.