Kidonda Kilichopewa Tuzo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Huonville, Tasmania
Tarehe: 12 Agosti 2023
Muda wa kuanza: saa 4:10 asubuhi
Jina: Glenys Ann Burridge
Umri: miaka 64
Kazi: muuguzi mstaafu
Makazi: Moonah, Hobart

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeelekezwa niseme ninayoyajua mwenyewe, si ya kusikia. Ninayoyajua mwenyewe yanatosha kunitia kichefuchefu, kwa hiyo ya kusikia sina haja nayo.

Mimi ni mwanachama wa Chama cha Kimondo tangu mwaka 1984. Ni chama cha wapenzi wa hadithi za kisayansi, yaani vyombo vya angani, sayari ngeni, roboti na mambo ya kesho. Tuko ishirini na wawili. Tuna mkutano mkubwa mmoja kwa mwaka ambao hata wasio wanachama huja, lakini uhai wa chama ni kitu tunachokiita furushi. Kila mwezi mwanachama huandika kurasa zake, chochote anachotaka, na kunitumia kwa posta. Mimi huzipanga, huzibana pini na kuwatumia wote. Katika furushi linalofuata kila mmoja hutoa maoni juu ya kurasa za wenzake. Hatupigiani simu. Tunajivunia kwamba sisi ni watu wa maandishi.

Pia tuna mchezo wetu wa tangu zamani. Mtu akipatwa na jambo nyumbani, huliandika kana kwamba limetokea angani. Nilipopasuliwa goti niliandika ripoti ya matengenezo ya mguu wa roboti, na watu wakacheka. Afisa ameniuliza kama mchezo huo unajulikana kwa wanachama wote. Unajulikana kwa wote, na aibu yetu inaanzia hapo.

Mervyn Oakshott, miaka 81, fundi redio mstaafu, ni mwanachama wa tangu mwanzo. Anaishi Geeveston, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka kwangu. Mwezi Novemba mwaka jana alianguka akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, mtuhumiwa Darryl Oakshott, miaka 47, mtoto wa marehemu mdogo wake, alihamia kwake ili amtunze. Mwenyekiti wetu, Roland Pybus, aliandika katika jarida letu la habari: "Merv amepata mtunzaji wa damu yake mwenyewe. Bahati iliyoje." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wakati ule sote tulifurahi.

Mnamo tarehe 6 Februari 2023, saa nne asubuhi, nilipokea bahasha ya Mervyn. Miaka yote alikuwa akileta nakala ishirini na mbili zilizochapwa safi. Safari hii ilikuja nakala moja tu, kwa penseli, mistari ikipanda na kushuka. Sikujiuliza. Nilikaa mezani nikaichapa mwenyewe, kila neno, huku nikinywa chai.

Zilikuwa kurasa tano. Nahodha mzee yuko peke yake katika kituo cha angani. Amepewa roboti wa kumhudumia, jina lake Mlezi. Mlezi amekata mawasiliano na hufunga mlango kwa nje. Maji humpimia kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nahodha hawezi kujigeuza, Mlezi hamgeuzi, na upande wa kushoto wa makalio umetoka kidonda. Mlango wa chumba una kioo cha kijani chenye ufa kwenye kona ya chini. Marehemu mke wa nahodha aliitwa Ilse.

Mke wa Mervyn aliitwa Ilse. Nilibeba maua kwenye mazishi yake. Kioo kile cha kijani chenye ufa nimekiona si chini ya mara kumi, ni cha mlango wa chumba cha nyuma nyumbani kwao. Nilipofika kwenye jina la Ilse nilisema moyoni, maskini, mzee anamkumbuka mkewe. Nikaendelea kuchapa.

Maoni yetu yalitoka katika furushi la Machi. Nimeleta nakala, naomba iambatanishwe. Roland aliandika: "Wazo zuri, ila mantiki ina tundu. Kwa nini nahodha asivunje mlango tu?" Wengine waliomba sehemu ya pili. Mimi niliandika hivi, nanukuu bila kupunguza: "Merv, hii ndiyo kazi yako bora kabisa. Kidonda kimeelezwa vizuri mno, hata harufu yake, ule utamu wa kitu kinachooza. Nimesisimka mwili mzima. Endelea."

Sehemu ya pili ilifika tarehe 3 Aprili. Ndani yake kidonda kimefikia upana wa kiganja. Nahodha anafanikiwa kutuma ujumbe kwa vyombo ishirini na kimoja vilivyo karibu, na vyombo vyote vinamjibu kwa kuusifu mtindo wa ujumbe wake. Tukimtoa Mervyn, chama kina watu ishirini na mmoja. Mwenye macho haambiwi tazama, na sisi tuliambiwa mara mbili. Tuliona ni kejeli ya hali ya juu, na mwezi Mei tukampigia kura zote ishirini na moja kwa tuzo ya hadithi bora ya mwaka.

Mei, Juni na Julai Mervyn hakuleta kitu. Tulisema anapumzika, maana kazi kubwa inachosha.

Mnamo tarehe 11 Juni, Jumapili, saa saba mchana, tulikuwa kwenye chakula cha mkutano wetu wa mwaka mjini Hobart. Mtuhumiwa alikuja kupokea tuzo kwa niaba ya Mervyn. Alivaa tai. Alikula kondoo wa kuoka, akaongeza sahani ya pili. Roland alimkabidhi kombe, ambalo ni roketi ya shaba ya urefu wa mkono. Mtuhumiwa alishika kipaza sauti akasema: "Baba mkubwa anawasalimu sana. Safari haziwezi, mgongo unamsumbua. Barua zake nampelekea posta mimi, na nazisoma kwanza, si mnawajua wazee. Sasa jamani, naomba niulize. Huyo Mlezi ni mimi, au?"

Watu sitini walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Afisa ameniomba nieleze sura ya mtuhumiwa wakati huo. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, meza kwa meza. Alipoona kweli wote tunacheka, naye akacheka. Nikikumbuka sura ile natamani kutema mate, na nikikumbuka kwamba nilimpigia makofi sijui nimtemee nani.

Mnamo tarehe 8 Agosti, Jumanne, saa tano asubuhi, ilifika bahasha ya Mervyn yenye karatasi moja. Yalikuwa majibu yake kwa maoni yetu, kila mtu kwa jina lake, kama ilivyo desturi ya furushi. Aliandika bado kwa sauti ya nahodha, nadhani ili ipite machoni pa mtuhumiwa. Kwa Roland aliandika: "Nahodha ana miaka themanini na moja na nyonga ya chuma." Kwangu aliandika: "Glenys, nahodha anakushukuru kwa kuisifu harufu. Anauliza muuguzi wa chombo chenu angefanya nini na kidonda ambacho mfupa umeanza kuonekana."

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Kisha nilipiga namba ya simu ya Mervyn, mara ya kwanza kwa miaka mingi, na ilikuwa imekatwa. Saa 5:40 niliondoka kwa gari langu na sikusimama popote.

Nilifika Geeveston saa 6:50 mchana. Mtuhumiwa alifungua mlango akiwa ameshika mkate wa nyama uliomwagiwa sosi ya nyanya. Sebuleni kulikuwa na joto, hita inawaka, televisheni inaonyesha mpira. Kombe lilikuwa juu ya jokofu na funguo za gari zimetundikwa kwenye ncha yake.

Alisema: "Karibu, Mama Glenys. Baba mkubwa amelala, tusimwamshe."

Nilisema: "Nimeamsha watu miaka thelathini na mmoja. Nipishe."

"Si ungepiga simu kwanza?"

"Nimepiga. Mmeikata."

"Alikuwa anasumbua watu ovyo. Mama, hebu kaa basi nikupashie na wewe mkate mmoja."

Nilimpita. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na komeo kwa nje, jipya. Nililifungua mimi mwenyewe. Mtuhumiwa alibaki kwenye korido akiendelea kula, na jambo hilo nataka liandikwe.

Chumbani hakukuwa na hita, na Agosti kwetu ni majira ya baridi. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa skrubu. Mervyn alikuwa amelala kwa mgongo juu ya godoro lililolowa mpaka upande wa chini. Pembeni palikuwa na ndoo na sahani ya tambi za kopo zilizoganda. Harufu ilikuwa ile ile niliyoichapa mwezi Februari. Nilimgeuza upande wa kulia na nikakiona kidonda. Mfupa ulikuwa unaonekana, mweupe, upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mervyn alisema: "Pole kwa harufu."

Nilimwambia: "Nyamaza, mzee wangu, nipo."

Akauliza: "Kile nilichoandika mlikisoma mara ngapi?"

Nilipiga namba ya dharura, sifuri tatu, saa 7:02. Gari la wagonjwa lilifika saa 7:38, na polisi dakika chache baadaye. Kwa muda wote huo mtuhumiwa alirudi kwenye mpira wake.

Sasa niseme kwa nini nimerudi leo wakati siku ile nilishatoa maelezo mafupi. Nimeelezwa kwamba mtuhumiwa anadai kidonda ni cha wiki mbili tu, baada ya mzee kuanguka mwishoni mwa Julai, na kwamba kabla ya hapo mzee alikuwa mzima wa kutunga hadithi za kushinda tuzo. Anao ushahidi, na ushahidi huo ni sisi. Mtuhumiwa ndiye mwenye hati ya kumsimamia Mervyn. Akiaminiwa, siku mzee akitoka hospitali anarudi kwenye chumba kile.

Mnamo tarehe 9 Agosti, saa moja jioni, Roland Pybus alinipigia simu. Alisema: "Glenys, dada yangu, wakili wa yule bwana amenitafuta. Watu ishirini na mmoja wameisoma, wote wameiita hadithi. Tukigeuza kauli leo tutaonekana wajinga nchi nzima."

Nilimwambia: "Tulikuwa wajinga, Roland."

"Haya, lakini mwakani mkutano wa taifa unakuja kwetu. Wewe sema tu huna hakika. Merv ana kipaji cha kubuni, hilo si uongo, au ni uongo?"

"Umeenda kumwona hospitali?"

"Nitaenda, nitaenda. Hivi lile kombe polisi watalirudisha lini? Maana ni la chama."

Nilikata simu. Debe tupu haliachi kuvuma, na huyu nimemsikiliza akivuma miaka thelathini nikidhani ni hekima. Amenitia kinyaa. Lakini kinyaa changu kwake ni kidogo kuliko ninachojionea mwenyewe, kwa sababu Roland ni muuza mazulia, hajui kidonda. Mimi ninajua.

Kwa hiyo nasema hivi, kama muuguzi mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, kumi na minne kati yake wodi ya wazee. Kurasa za penseli zilizofika tarehe 6 Februari nimezileta pamoja na bahasha yake yenye muhuri wa posta. Zinaeleza ngozi iliyobadilika rangi kwanza, kisha malengelenge, kisha shimo lenye kingo ngumu, maji ya kijani na maumivu yanayopungua badala ya kuzidi. Hilo la mwisho watu hawalijui. Asiyeuguza hudhani kidonda kikizama maumivu huongezeka. Mervyn ni fundi redio. Hakulisoma mahali, alilisikia mwilini. Hali aliyoieleza haifikiwi kabla ya wiki tatu za kulala bila kugeuzwa. Kwa maana hiyo alikuwa ameanza kuoza kitandani tangu katikati ya Januari, na mimi nilikuwa na karatasi yenye dalili zote mkononi mwangu.

Afisa ameniuliza kama muuguzi wa kawaida angezitambua dalili zile kwa kusoma tu. Angezitambua. Afisa ameniuliza kama mimi nilizitambua. Nilizitambua zote. Sikusifu kitu nisichokijua. Nilisifu kwa sababu kila neno lilikuwa sahihi.

Hapa ndipo maelezo yangu yanapokoma. Nimeyasoma mwenyewe na sikuona pa kupunguza.

Sahihi: G. A. Burridge

MAELEZO YA AFISA: Yamerekodiwa nami, Konstebo Mwandamizi T. Nettlefold, na kumalizika saa 6:25 mchana. Vielelezo vilivyopokelewa: kurasa tano za penseli na bahasha yake, sehemu ya pili, karatasi ya tarehe 8 Agosti, furushi la mwezi Machi. Nimemfahamisha shahidi kwamba ili kuthibitisha tarehe ya kidonda, maoni yake ya mwezi Machi yatalazimika kusomwa kwa sauti mahakamani, jina lake likitajwa, na mlalamikaji, Mervyn Oakshott, akiwapo iwapo afya yake itaruhusu. Nilimuuliza kama anataka kuongeza neno la kujieleza. Alisema hapana, yasomwe yalivyo.