Mlango Uliolia

3 Machi

Kifungua mimba wangu,

Salamu nyingi. Mwili ni mzima, moyo usiuulize. Shairi lako lililotoka gazetini nimelisoma, tena si mimi peke yangu. Wazazi wanaoniachia watoto wao hapa nyumbani wamelisoma pia. "Mama alikuwa kufuli, nyumba yetu jela, mlango ukalia usiku kucha." Leo wamekuja watoto watatu tu. Mama wa wale mapacha alinieleza hapa mlangoni kwamba hawezi kumwachia wanawe mtu anayefungia watoto. Miaka yote hii naosha na kulaza watoto wa watu, leo kazi yangu inakufa kwa beti nne. Nilikukosea nini?

Mama yako


9 Machi

Mama, shikamoo.

Huku tu wazima. Habari ya watoto imenisikitisha, ila shairi halisomwi kama tangazo la msiba. Kufuli ni istiari, nimekuita kitu kingine moja kwa moja. Ningesema "kama kufuli" ingekuwa tashbihi. Mlango kulia ni tashihisi, kitu kisicho na uhai kupewa hisia za mtu. "Usiku kucha" ni chuku, nimetia chumvi. Nawafundisha haya wanafunzi wangu na wanaelewa. Nilichotaka kusema ni kwamba ulinifungia ndani na hata siku moja hukunieleza sababu. Hilo si uongo. Waambie hao wazazi wasome vizuri.

Binti yako


14 Machi

Mwalimu,

Salamu leo sina. Istiari zako nimezielewa, sikuzaliwa jana. Ndiyo maana zimeniuma.

Jela hufungwa kwa nje. Kufuli letu lilikuwa ndani, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chako. Ulikuwa ukiuona kila siku. Sasa jiulize nani alikuwa nje.

Na huo mlango uliolia usiseme umeutunga wewe. Ulikuwa mdogo, ukaamka ukaniuliza, "Mama, nini hicho?" Baba yako alikuwa amelewa, anaupiga mateke. Nikakujibu, "Lala mwanangu, ni mlango unalia, utanyamaza." Nilikupa maneno hayo upate usingizi. Leo umeyapeleka gazetini kunitangaza mimi kuwa mbaya. Wala hujatia chumvi yoyote, ilikuwa usiku kucha. Mlango umeupa machozi, mama yako ukamnyima.

Usiniandikie tena.

Mama yako


2 Aprili

Mama, shikamoo.

Najua ulinikataza. Sijui hata nikuulize vipi hali yako, maana hasira haijanitoka tangu nisome barua ile, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako. Picha ya baba uliitundika sebuleni, ukanitaka niisalimie kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ukaniambia marehemu alikuwa mtu mwema. Ulimsafisha yeye ukajichafua mwenyewe, hukuniachia mtu wa kulaumu ila wewe.

Nimempelekea mhariri ubeti wa tano, naye ameukubali. Hauna istiari. Unasema kufuli lilikuwa ndani, na unamtaja aliyekuwa nje. Mama wa mapacha nitampelekea gazeti kwa mkono wangu.

Jumamosi nakuja. Picha ile iondoe, la sivyo nitaiondoa mimi.

Nitagonga taratibu, mama.

Binti yako