Barua Aliyoisoma Mwenyewe

Mama, shikamoo. Naomba mgongo uwe umepoa.

Leo mimi na wenzangu wa chuo kikuu tulihudhuria darasa la kisomo, ambako wafungwa wasiojua kusoma hufundishwa, katika gereza la huku Kigoma. Mfungwa mmoja, mvuvi wa Mwamgongo, alitoa barua ya binti yake aliyoitunza miaka miwili.

"Nilihofu amenikana," alituambia. "Sikutaka mtu anisomee."

Akaanza kusoma, kidole kikifuata kila silabi: "Baba, nimejifungua. Mtoto tumempa jina lako." Hapo akashindwa.

Mwalimu wake, mfungwa mwenzake, akamwambia, "Endelea, mzee, bado mstari mmoja."

Akausoma kwa sauti: "Tunakungoja."

Darasa zima likapiga makofi, hata askari wa mlangoni. Mimi nililia, Mama.

Nitakuletea migebuka, wale samaki wakavu wa huku. Nisalimie wadogo zangu.

Mwanao akupendaye,
Rehema