Nilikataa Mrija wa Babu Mbele ya Wageni wa Posa

Mpendwa Shangazi Domisiana,

Shikamoo. Naomba unisaidie kwa sababu nimemuumiza mtu ninayempenda kuliko wote nyumbani, na nimemuumiza kwa jambo ambalo shuleni nilipigiwa makofi, na sasa sijui niombe msamaha kwa lipi, maana nikiomba kwa yale niliyosema itakuwa kama nakana ninachokiamini, na nisipoomba babu yangu atakufa ananiona adui.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, kwetu ni Mabawe, Ngara. Nyumbani tupo mimi, mama yangu Tecla, dada yangu Jovitha, na Zita, mtoto wa marehemu shangazi yetu, ambaye bado yuko chekechea. Baba yuko machimboni Geita, humuoni mpaka Krismasi. Nyumba ndogo ya uani ni ya babu Celestini, baba yake baba, na Zita hulala huko kwake kwa sababu kule kuna joto, babu ameziba dirisha kwa gunia tangu baridi ianze.

Babu ndiye aliyenilea. Ananiita mke wangu, kama mababu wanavyofanya, na bibi alipofariki aliwaambia watu waliokuja kumpa pole kwamba asihurumiwe sana, bado amebaki na mke mmoja, ila huyu anasoma. Nikifeli hesabu yeye ndiye anayeninunia, nikifaulu yeye ndiye anayepita kwa majirani kuwatangazia. Ulipoingia mnyauko wa migomba bwana shamba alikuja kutufundisha kwamba ugonjwa ule unahamishwa na panga, ukikata mgomba unaoumwa usiende kwenye mzima mpaka ulipitishe panga kwenye moto, na vijana wengi walisikia wakasahau lakini babu alilishika somo lile, alikuwa akitoka shina moja kwenda jingine ananiita nilete moto, mimi nawasha majani makavu, yeye anageuzageuza panga taratibu, ananiambia nitazame vizuri kwa sababu siku moja shamba litakuwa langu. Migomba yetu ilipona, ya wengi ilikufa.

Sasa Shangazi, shuleni tuna klabu ya mazingira na afya, na mwalimu wetu Danstan siku moja alisema hataki majibu ya kitabuni, anataka kila mmoja asimame aseme yeye mwenyewe anaonaje kuhusu mazingira, haki na afya. Wenzangu walisema mambo ya kupanda miti na kunawa mikono. Mimi nikasema kwamba yote matatu nimejifunza katika shamba la babu, kwamba mgomba mgonjwa ukiuonea huruma unaua shamba zima, na kwamba binadamu ni hivyo hivyo, mtu mwenye ugonjwa akiendelea kukaa katikati ya watu anawanyima wenzake haki yao ya afya. Walipiga makofi mpaka nikaona aibu, mwalimu akasema huyu anafikiri kwa kichwa chake, na nilirudi nyumbani najiona mtu mkubwa.

Na babu alikuwa ameshaanza kukohoa. Tangu tulipovuna maharage anakohoa, jioni anapata homa, amekonda mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Mama alisema ni baridi na vumbi la maganda ya maharage. Mimi nilishajua moyoni kwamba ni kifua kikuu kwa sababu tumekisoma, lakini sikumwambia mtu, nikaanza tu kufanya yangu, kikombe cha babu nikakitenga, sahani yake naiosha mwisho, akinipa muhogo alioumega namwambia nimeshiba.

Jovitha akapata mchumba, kijana mzuri wa Kabanga anayebadilisha fedha pale mpakani, na wazee wao wakaja kwa posa, wakiongozwa na baba yake mdogo anayeitwa Mzee Leonidas. Babu alikuwa amekamua mutobe mwenyewe, yale maji ya ndizi matamu ambayo hayajachachuka, kwa sababu alitaka hata sisi wanafunzi tunywe siku ya dada yetu. Wewe unajua desturi ya huku, mwenye kibuyu cha kinywaji anavuta kwanza kwa mrija mbele ya watu ili waone hakuna kilichotiwa ndani, anafuta ncha ya mrija kwa kiganja, ndipo anampa mgeni, na kukataa mrija uliotoka mdomoni mwa mzee ni kumwambia ametia sumu. Babu akavuta, akafuta, lakini kabla ya kuwapa wageni akasema anaanza na mke wake ili wakwe waone nyumba hii inavyopendana, akanyoosha mkono kwangu.

Nikakataa. Babu akacheka akadhani naona haya, akanisogezea tena, na mimi nikasema kwa sauti, watu wote wanasikia, babu, si wewe uliyenifundisha kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa halipelekwi kwenye mgomba mzima?

Mzee Leonidas, ambaye mrija ungefuata kwake, akasema kwa adabu kwamba tumbo lake haliko sawa. Babu akakiweka kibuyu chini, akaingia nyumbani kwake, hakutoka mpaka wageni wakaondoka. Posa haijavunjika lakini haijasemwa tena, na Jovitha haongei na mimi.

Kinachoniua ni babu. Hanikaripii. Amejichongea mrija wake peke yake, anakula peke yake, nikipita anavuta kiti chake kunipisha njia kama mimi ni mgeni mkubwa. Kikohozi kimezidi. Mama akimwambia aende zahanati anajibu kwamba mgomba ukishaonekana na mnyauko haupelekwi kwa daktari, unang'olewa, muulizeni msomi wetu. Mama analia, na mimi nikisikia hivyo natamani ardhi inifunike.

Shangazi, je, nilikosea kulinda afya yangu? Haki ya mtu mzima kuheshimiwa na haki yangu ya kutougua, ipi inatangulia? Nikienda kumpigia magoti nitakuwa nimerudi kwenye mila ambazo zinaua watu? Nijibu upesi, kwa sababu naona anazidi kuwa mwembamba.

Consolatha, Mabawe.


JIBU

Consolatha mwanangu, marahaba.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza ulinikasirisha, nilipoisoma mara ya pili nilikuonea huruma, na sasa nakujibu nikiwa na vyote viwili, kwa hiyo vumilia.

Tuanze na huo mrija. Kifua kikuu hakiambukizwi kwa mrija. Hakiambukizwi kwa kikombe, wala sahani, wala muhogo uliomegwa, wala kushikana mikono. Kinapita hewani, mgonjwa akikohoa ndani ya chumba kisichopitisha hewa na mwenzake akawa anaivuta hewa hiyo siku baada ya siku. Nenda kamuulize mwalimu wako, nenda kamuulize muuguzi yeyote, watakwambia hivyo hivyo. Mrija mchafu una shida zake, mafua na kuharisha, na dawa ya hayo ni kuuosha kwa maji ya moto. Lakini ulilokuwa unaliogopa pale uani halikuwemo kwenye ule mrija. Ulisoma ugonjwa wa mgomba vizuri sana, ukadhani umeshasoma na wa binadamu. Umemvunjia mzee wako heshima kwa kosa la somo, na hapo ndipo hasira yangu ilipotoka.

Halafu kuna sentensi moja uliyoipita mbio kama si kitu. Umesema Zita analala kwa babu na dirisha limezibwa kwa gunia. Binti, ulisimama uani, kwenye jua na upepo, ukapigana na mrija, huku mtoto wa chekechea anarudi kila jioni kulala kwenye chumba kilichozibwa na mzee anayekohoa. Hatari iko pale, na hukuiona kwa sababu haikufanana na panga. Leo hii Zita ahamie nyumba kubwa na hilo gunia litoke. Wala msimchukue mtoto kimyakimya, huyo mzee ameshanyang'anywa vya kutosha bila kuambiwa. Mwambieni wazi kwamba Zita atalala kwa mama mpaka babu apimwe, na mchana atacheza naye hapo nje kama kawaida. Zita mwenyewe naye apelekwe akapimwe, na ninyi nyote mnaokaa hapo.

Unaniuliza haki ipi inatangulia. Mimi naona umeipima haki kwa upande mmoja tu. Nani alimpima babu yako? Hakuna. Makohozi yake yamepelekwa wapi? Hayajaenda popote. Inaweza kuwa kifua kikuu, dalili ulizotaja zinatisha na hazifai kungojewa hata wiki, lakini inaweza pia kuwa kitu kingine, na hujui, mimi sijui, hata yeye hajui. Wewe ulijua moyoni, ukanyamaza, ukatenga kikombe. Kama kweli uliamini anaumwa ugonjwa huo, ulikuwa na deni la kumwambia na kumpeleka zahanati siku ile ile. Mgonjwa ana haki ya kujua anaumwa nini kabla hajahukumiwa, na ana haki ya kutibiwa akiwa katikati ya watu wake. Hilo lingefaa kusemwa klabuni kwenu, na nadhani mwalimu Danstan angelipenda pia.

Kwa hiyo huombi msamaha kwa kujali afya. Usiogope, sikurudishi nyuma, endelea kusoma na endelea kuuliza. Unaomba msamaha kwa sababu ulimhukumu mzee kabla hajapimwa, tena mbele ya wakwe, tena kwa maneno aliyokufundisha yeye mwenyewe huku anakuonyesha shamba atakalokuachia. Nadhani hapo ndipo palipomuuma, kuliko hata sumu waliyoifikiria wageni. Na usidhani anakuchukia. Mzee anayekuchukia hahangaiki kuvuta kiti chake ili upite. Ana aibu, na ana hofu, na mtu anayemkimbilia siku zote akiwa na hofu ni wewe, sasa wewe mwenyewe umegeuka kuwa sehemu ya hofu yake.

Fanya hivi. Leo, kabla jua halijazama, nenda kwake peke yako. Mkute nje. Piga magoti, ndiyo, piga, magoti hayo si mila inayoua mtu. Mwambie mambo mawili tu, kwamba uliogopa, na kwamba ulikosea kuhusu mrija. Mwambie alivyokujibu Shangazi, mwambie kwamba ugonjwa huo haupiti huko, kisha umwombe huo mrija wake unywe. Usinywe kwa kujikaza kama anayemeza dawa, atakuona. Kunywa kwa sababu sasa unajua.

Akikataa kusema na wewe, kaa hapo hapo chini. Wazee wa huko hawapendi kuonekana wamesamehe haraka, na huyu ana sababu. Ila kesho asubuhi iwe isiwe aende zahanati, amesema na wewe au hajasema. Mama yako asimuombe tena kama anayeomba chumvi, atangulie amuandalie nguo na uji, aseme twende. Na ile kauli ya babu ya mgomba kung'olewa usiiache ipite hivi hivi. Mwambie mgomba unang'olewa kwa sababu hauna dawa, na ugonjwa anaouogopa yeye una dawa, tena haulipiwi hata senti.

La wageni lisisahaulike. Neno lililosemwa mbele ya watu linafutwa mbele ya watu. Babu akishapata nguvu, Jovitha apeleke salamu Kabanga, Mzee Leonidas na wenzake waje tena, babu akamue mutobe kama anaweza, avute kwanza, na wa pili kuuvuta mrija huo uwe wewe, halafu useme mbele yao kwamba siku ile aliyekuwa na kasoro ni wewe. Jovitha ataongea na wewe hapo, na kama ni dada wa kweli atakucheka kidogo.

Sasa nikuandae kwa jambo moja la huko zahanati. Akikutwa na kifua kikuu, dawa zake ni za miezi mingi. Zitamchosha, zitamchafua tumbo, na akishaanza kupata nafuu atasema amepona, atataka kuziacha, na akiziacha ugonjwa utarudi na nguvu zaidi. Ndiyo maana muuguzi, kabla hajampa hizo dawa, atauliza ni nani pale nyumbani atakayekaa na mzee kila siku amwone akizimeza. Usimtazame mama yako, wala usimtazame Jovitha. Sema ni wewe, na useme kwa sauti, babu asikie.