Gitaa Lako Nimelitoa Kwenye Kontena

Baba Neema, mume wangu,

Nakusalimu. Neema anakusalimu, sasa amenipita urefu. Baraka anakusalimu, jino lake la mbele limeng'oka na amesema lazima nikuambie. Mama Tumaini wa ghorofa ya chini, yule Mkenya anayelea wazee, anakusalimu, ndiye aliyenipikia siku zile nilipokuwa sioni hata mlango. Na mdogo wako Elia anakusalimu, ingawa jana mimi na yeye hatukusalimiana. Sisi wazima. Ningeandika hofu ni kwako, lakini wewe zako zimekwisha, zote zimebaki kwangu.

Tumegombana kwa ajili ya gitaa lako.

Siku ya kuanua tanga wazee walikuja hapa ugenini, Landover, vitu vyako vikagawanywa. Unajua mjane hatii neno siku hiyo. Nilikaa chini na kanga yangu. Koti likaenda, viatu vikaenda, ile mandolini yenye nyuzi nane akapewa mwalimu wa kwaya. Likafika gitaa, Elia akasema, "Hili ni la ukoo, linarudi nyumbani kwa mama." Nilidhani atalipakata kwenye ndege.

Kumbe amelitia kwenye kontena la mizigo inayokwenda nyumbani kwa meli! Namuuliza juzi, ananiambia, "Usihofu shemeji, nimelifunga mablanketi, liko katikati ya masufuria." Mablanketi! Mwezi wa saba huu, joto la huku unalijua, na sanduku la chuma limekaa juani nje ya bohari.

Moyo ukaniruka. Wewe hukukubali kuliacha hata ndani ya gari. Unakumbuka kule Annandale? Uliingia nalo dukani, ukaliweka kwenye kigari juu ya mchele, watu wanacheka, mimi naona haya. Ukaniambia, "Mama Neema, hili la zamani halina msumari. Limeshikwa na gundi ya ngozi ya ng'ombe tu. Likipata joto kali linaachana kama ndoa mbaya."

Basi sikutulia. Nakaa, nasimama, maharage nimeyaunguza. Jana asubuhi nikamshika Neema mkono tukaenda bohari. Mlinzi Mkongo akanicheka, "Eh mama, unakuya kuiba kitu ya bwana yako?" Nikamwambia ndiyo baba, ninaiba. Akafungua. Moto uliotoka mle ndani, tanuri. Vijana wa pale wakashusha magodoro, wakashusha masufuria, mpaka likaonekana.

Neema akalipakata palepale chini. Akakunja kidole, akawa anagonga kifua cha gitaa, hapa, pale, sikio ameliinamisha. Baba Neema, ni wewe mtupu. Akaniambia kwa Kiingereza chao cha haraka, nikashika nusu: mbao ya mbele haijapasuka, ila kijiti kimoja kati ya vile vinavyoishikilia kwa ndani kimeachia. Sikujua kama ulimfundisha. Mlivyokuwa mnajifungia kwenye stoo nilidhani mnapiga kelele tu.

Elia akapiga simu. "Shemeji, umenivunjia heshima mbele ya wazee!" Nikamjibu, mimi ambaye hujawahi kunisikia nikimjibu, "Mama mkwe nitaongea naye mwenyewe. Gitaa likimfikia vipande vipande atakuwa amemzika mwanawe mara ya pili." Halafu akauliza, sauti ndogo, kama kweli lingeachana. Nikamwambia kweli. Akalia kwenye simu, mtu mzima, mpaka kadi ya simu ikaisha. Leo kaja kula. Amekubali libaki kwa Neema. Naye anakulilia, ni vile tu hakuwa na pa kulilia.

Sasa nina hofu nyingine. Neema anataka kukirudisha kile kijiti mwenyewe. Anasema mkono unapita kwenye tundu la gitaa. Wangu nimejaribu, haupiti. Wake umeingia mpaka kiwiko, mwembamba kama wa mama yako. Nimekubali, shingo upande.

Lala, mume wangu. Nakuahidi gitaa hili halitoki mikononi mwa Neema, na zile kelele nitazizoea. Ila Jumamosi ndiyo anatia gundi. Kama kuna anapokosea, njoo usingizini umwambie yeye, usiniambie mimi, nitachanganya. Na uje upesi. Anasema gundi ile ikishaanza kupoa haimngoji mtu.

Mkeo,
Mama Neema