Mkono Nilioupiga Kofi Mikumi

Mume wangu Hamisi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mkuyuni tu wazima. Mama yako yuko shambani anapalilia, na mvua imeanza kushuka milimani.

Umeniuliza kwa nini huwa nageuka kutazama kabla sijamgombeza mtu jikoni. Nilijifunzia mbugani Mikumi, nilipokuwa msichana. Mimi na rafiki yangu Zuhura tulikuwa tukiwapikia wageni wanaolala kwenye mahema.

Mchana mmoja nimechuchumaa namenya ndizi, nikahisi kitu kinapapasa mkungu nyuma yangu. Zuhura alikuwa na tabia ya kudokoa. Bila kugeuka, nikautandika mkono wake kofi.

"Zuhura, hebu acha kudokoa! Huna adabu?"

Nilipoinua macho, Zuhura alikuwa mbele yangu, kwenye mlango wa hema. Ndoo imemdondoka, mdomo wazi.

Hamisi, kumbe mkono ule si wa Zuhura. Nikageuka polepole. Tembo! Yuko karibu mpaka pumzi yake inanipepea kanga. Alikuwa amerudisha mkonga wake, ananitazama tu, kama anasubiri nimalize kusema. Neno pekee lililonitoka ni "Shikamoo."

Akaunyanyua mkungu wote, akaenda zake taratibu.

Najua siku hizi anayedokoa nyama yangu ni wewe. Ukija likizo ya shule, dokoa tu, mume wangu. Ila kohoa kwanza, nijue ni mtu.

Bibi yako